Usilipe kiingilio kabla hujaona chini

Wasee, leo nakuja na hasira, mnivumilie.

Idi Pili nilimpeleka mdogo wangu kuogelea. Sitaji ni wapi, na vidimbwi vya aina ile ni vingi. Kiingilio soo tatu kila mtu, muziki juu, chipsi zinakaangwa, mambo shwari. Dogo akapiga mbizi upande wa kina. Nikaangalia maji, sikumuona. Yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Nikahesabu mpaka nane, ndipo akaibuka akicheka. Mimi magoti yalikuwa yashaisha nguvu.

Kando kuna kijana ameketi, filimbi shingoni. Sasa niambieni, angemuokoa vipi mtu asiyemuona?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maji machafu shida yake ni macho mekundu tu. Maji yenye ukungu yanaficha mtu anayezama. Na ukungu ule mara nyingi unatokana na kitu ambacho mteja hakioni: filta iliyosahaulika.

Nilipoacha chuo, anko wangu, fundi wa vidimbwi, alinichukua nimbebee vifaa. Kwa hivyo haya siyasemi kwa kusikia. Filta nyingi ni pipa lenye mchanga ndani. Pampu inasukuma maji, mchanga unashika uchafu, maji yanarudi safi. Uchafu ukijaa, geji ya presha inapanda. Ikifika 8 hadi 10 psi juu ya pale ilipokuwa filta ikiwa safi, unazima pampu, unageuza valvu, unawasha tena, maji yanapita kinyume na kutoa uchafu nje. Dakika 2 au 3 hivi, kazi imeisha.

Mchanga wenyewe nao unazeeka. Kawaida unabadilishwa kila miaka 5 hadi 7, mapema zaidi watu wakiwa wengi. Chembe zinalainika, mafuta ya ngozi yanazigandisha, hata yale ya nazi uliyojipaka asubuhi, mwisho maji yanajitobolea njia yake bila kuchujwa. Wenye filta za katriji, hizo zinatolewa na kuoshwa kwa mpira wa maji. Zikichanika au kuchoka, nunua mpya.

Siku moja tulifungua filta tukakuta mchanga wa ujenzi. Mwenyewe anatuambia, "Si mchanga ni mchanga?" La, bosi. Unaotakiwa ni wa silika, chembe za karibu nusu milimita, zinazolingana. Ule wa mjengo una udongo, na wa baharini una chumvi na vipande vya makombe. Huwezi kuweka udongo ndani ya chujio halafu ushangae maji hayang'ai.

Najua watakavyojitetea: maji Mombasa ni ghali, kuosha filta ni kuyamwaga. Wanaambia nani? Sisi watu wa Mikindani tunanunua mtungi kwa mkokoteni, bei ya maji tunaijua vizuri sana. Basi tupige hesabu kwa mitungi. Kuosha filta mara moja kunakula lita mia kadhaa, tuseme mitungi 25 ya lita 20. Kidimbwi cha mita 10 kwa 5, kina cha mita moja na nusu, kina lita 75,000. Hiyo ni mitungi 3,750. Ukiacha kuosha filta mpaka maji yaharibike yote, utamwaga ipi? Na yale ya kuoshea, yaweke kwenye tangi, yamwagie vyoo.

Wengine wanaficha uvivu kwa klorini. Ukiingia pua inawaka, unasema, "Aa, hapa pasafi." Umedanganywa. Harufu kali ile inatoka pale klorini inapochanganyika na jasho na mkojo. Kidimbwi safi hakinuki hivyo.

Na sisi pia tuache ushenzi. Oga kabla ya kuingia. Usikojoe humo. Kama unaharisha, kaa nyumbani, kwa sababu kuna vijidudu kama Cryptosporidium vinavyoweza kuishi zaidi ya siku 7 hata kwenye maji yenye klorini sawasawa.

Lakini anayekusanya kiingilio ndiye mwenye jukumu kubwa. Ana pesa ya spika mpya kila Desemba, hana ya mchanga?

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, simama ukingoni upande wa kina. Tafuta kile kifuniko cha kutolea maji pale chini. Ukikiona vizuri, uliza mchanga ulibadilishwa lini, halafu lipa. Usipokiona, geuka urudi, na wewe na mbogi yako yote. Soo tatu zikikosekana mara kumi kwa siku moja, filta itaoshwa jioni hiyo hiyo.

Mimi na dogo hatukurudi pale. Nane ilinitosha.