Sufuria ya Kinama na Bei ya Kopo

Imekuwa desturi, kila yanapotajwa madhara ya utapiamlo, kina mama wa mitaa ya kipato cha chini kuhubiriwa juu ya mlo kamili. Huambiwa wawape watoto samaki, maziwa, mayai na matunda. Nasaha hizo ni njema, wala hatuna ugomvi nazo. Lakini mama wa Kinama, kaskazini ya jiji la Bujumbura, huzisikiliza akiwa na noti chache katika pindo la kitenge, na jua linatua. Anachokosa si mawaidha. Anachokosa ni njia ya kununua chakula kwa bei anayolipa mtu wa Rohero.

Mwenye mshahara wa mwezi hununua gunia la maharage baada ya mavuno, bei ikiwa chini, akaliweka stoo. Mwenye kibarua cha siku hununua kopo moja jioni, mawese kijiko kwa kijiko, makaa kwa fungu na ndagala kwa kiganja. Katika kila kipimo hicho kidogo imo faida ya mchuuzi, imo nauli ya gari, imo hata hasara ya mchuuzi mwenyewe, ambaye naye ni mnyonge na hastahili kulaumiwa. Jumlisha makopo hayo hata yatimie gunia, utaona kwamba maskini amelipa zaidi kwa maharage yale yale. Na petroli inapoadimika, kama ilivyotokea mara nyingi miaka hii ya karibuni, nauli hupanda na kopo hupungua kina.

Kisha yako makaa. Maharage makavu hutaka saa nyingi motoni, na moto huo nao hununuliwa. Ndiyo maana jamaa nyingi huishia kwenye ugali wa muhogo na mboga iliyochemshwa upesi: si kwa ujinga, bali kwa hesabu. Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza muda wa kuyapika; jambo hilo halina gharama, na lilifaa kutangulia hotuba za maziwa na mayai. Ndagala nao huliwa wazima pamoja na mifupa yao, hivyo kiganja kimoja kilichotwangwa na kutiwa katika uji kina manufaa makubwa kwa mtoto. Mawese mekundu yanaongeza vitamini A, na lengalenga ina madini ya chuma. Mapishi ya wazee wetu hayakuwa na kasoro. Kasoro i sokoni.

Utafiti wa taifa juu ya afya ya jamaa, uliofanywa mwaka 2016 na 2017, ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 nchini Burundi walikuwa wamedumaa. Kudumaa huanza tangu mimba hadi mtoto kutimiza miaka 2, na kinachopotea katika siku hizo 1,000 ni vigumu mno kukirudisha.

Mambo yaliyoizidishia Kinama uzito hayakutokana na Kinama yenyewe. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea, na wachuuzi wakatawanyika katika masoko mengine ya jiji. Mwaka 2021 nchi 4 zinazopakana na Ziwa Tanganyika ziliafikiana kuupumzisha uvuvi miezi 3 kila mwaka. Hatua hiyo ni ya hekima, maana ziwa lililochoshwa halizai. Ila katika miezi hiyo mnyonge ndiye wa kwanza kuaga ndagala. Na jiji linazidi kusogea kaskazini. Kila viwanja vinapopimwa, bustani za mboga hutoweka, na zinazosalia husukumwa kandokando ya mifereji yenye maji machafu. Mwenye kugawa viwanja na aulizwe kwanza: mboga ya mtaa huu italimwa wapi?

Kambini hakuna mpishi anayekwenda sokoni na kopo. Kombania hupokea magunia, na askari wote hula kwa bei ya jumla. Hatuoni sababu ya nyumba 20 za mtaa mmoja kushindwa kufanya vivyo hivyo. Kina mama wa Kinama wamekwisha kuzoea kuchangiana fedha katika ikirimba zao, tena kwa uaminifu ambao ofisi nyingi zingeuonea wivu. Jamaa 20 wakinunua gunia la kilo 100, kila moja hupata kilo 5 pasipo faida ya mtu wa katikati.

Kinachokosekana ni mahali pa kuliweka gunia hilo. Nyumba nyingi ni za chumba kimoja au viwili, na Kinama haijasahau mvua ya usiku wa tarehe 9 Februari 2014, iliyobomoa nyumba na kuua watu katika mitaa ya kaskazini. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa zoni chumba kimoja tu karibu na soko, chenye sakafu ya saruji iliyoinuliwa, kisichoingia maji wala fukusi, na ndani yake mizani iliyokaguliwa. Ufunguo ukabidhiwe kina mama wenyewe. Maharage ya msimu wa pili huvunwa kuanzia mwezi wa Juni. Chumba kikiwa tayari kabla ya hapo, gunia la kwanza litanunuliwa bei ikiwa bado iko chini.