Barua pepe za kazini si za bosi peke yake

Mhariri,

Mashirika mengi ya Kibera na Kawangware huishi kwa pesa za wafadhili. Mradi ukiisha, akaunti za barua pepe za wafanyakazi huweza kufungwa siku hiyo hiyo. Jirani yangu hapa Kawangware 56 alinyimwa malipo ya likizo. Idhini ya likizo hiyo ilikuwa kwenye barua pepe, na barua pepe zimeshafutwa. Atathibitisha na nini?

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi miaka 3 kwenda kortini. Basi barua pepe za mshahara, likizo na nidhamu zihifadhiwe angalau muda huo, naye apewe nakala kabla hajarudisha kompyuta ya ofisi.

Si zote, lakini. Humo humo kwenye barua pepe mna picha za watoto wa Kibera, na pengine hata majibu ya vipimo vya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu ziwekwe kupita muda unaohitajika. Mama wa Gatwekera, kule Kibera, ndiye wa kuulizwa kuhusu picha ya mwanawe, si meneja.

Kamishna wa Data atangaze muda kamili wa kuhifadhi barua pepe kwa mashirika madogo, kisha tangazo libandikwe kwa chifu, tunakopita sote.

Msomaji,
Kawangware, Nairobi