Uzee si kutu

Juu ya kabati la vyombo la shangazi yangu kuna kichupa cha vidonge 60 vya rangi ya machungwa. Kijana nadhifu aliyemuuzia alimweleza kuwa uzee ni kutu ya mwilini, na vidonge hivyo vinaifuta. Shangazi akatoa Sh 75,000. Mwezi huo hakununua dawa yake ya presha.

Kijana yule aliuza kitu ambacho wengi wetu tulikwisha kukiamini kabla hajabisha hodi: kwamba mwili huchakaa kama bati, na vitamini nyingi ndiyo rangi ya kulipaka. Imani hiyo ni potofu, na inatugharimu zaidi ya fedha.

Chimbuko lake ni la kisayansi. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa hoja kwamba seli zikitumia oksijeni huzalisha chembe kali zinazounguza mafuta, protini na DNA, na kwamba majeraha hayo yakirundikana ndipo tunapozeeka. Majeraha yapo kweli. DNA ya seli moja hupata maelfu kwa maelfu kila siku. Tulipopotea ni pale tulipodhani kwamba ukimeza kizuia kutu utaongeza miaka.

Hilo limepimwa kwa watu. Nchini Finland, wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawiwa vidonge vya betakarotini, vya vitamini E, vyote viwili, au vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza betakarotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Betakarotini ndiyo inayoipa karoti rangi yake. Ndani ya karoti ni chakula. Kwa wanaume wale, ndani ya kidonge, ilileta madhara.

Asiyeridhika amwangalie fuko asiye na manyoya, anayechimba mashimo yake katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Panya wa kawaida akifika miaka 3 ni kikongwe. Fuko huyu, mdogo kama panya, huweza kupita miaka 30. Mwaka 2006 watafiti walichapisha vipimo vyake: tangu ujanani, mwili wake una majeraha ya oksijeni mengi kuliko ya panya. Kama uzee ungekuwa kutu tu, fuko ndiye angetangulia kaburini.

Bati halijizibi tundu, mwili hujiziba. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kuonyesha jinsi seli zinavyokarabati DNA yake. Tunazeeka kadiri nyufa zinavyowazidi mafundi. Tena chembe zile kali, zikiwa kwa kiasi, ni mbiu ya mgambo inayowaita mafundi kazini. Mwaka 2009 watafiti nchini Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki 4. Waliomeza vitamini C na E walikosa faida ambayo wenzao waliipata katika kudhibiti sukari mwilini. Mbiu ilizimwa, mafundi wakabaki wamelala.

Najua jibu la wauzaji: vitamini haimdhuru mtu. Mwenye upungufu uliothibitishwa na daktari apewe, tena haraka. Lakini mzee anayekula mchicha, maembe na maharage hana deni la kulipia vidonge. Anachodai ni dawa ya presha isiyokatika, kipimo cha sukari, mapafu yasiyo na moshi na mtu wa kutembea naye jioni. Hayo hupunguza nyufa na kuwapa mafundi nafasi.

Nilimwomba shangazi akitupe kichupa kile. Alikataa, amekilipia, alisema. Ila tumekubaliana jambo moja: kila mwezi, fedha ya kwanza ni ya dawa ya presha.