Kocha Si Mganga wa Mvua

Liko neno moja ambalo siku hizi husikika katika Usambara karibu mara nyingi kama salamu, nalo ni hili: "Kocha aondoke." Husemwa Lushoto mjini katika mabanda ya kutazamia mpira, yale ambayo vijana wameyapa jina la vibanda umiza. Husemwa Soni na Bumbuli na Mlalo, Simba au Yanga ifungwapo. Husemwa na wapenzi wa Coastal Union, timu ya mkoa wetu wa Tanga. Na husemwa kando ya viwanja vya mpira wa kikapu vya vyuo, na wanafunzi ambao kesho watakuwa walimu, makarani wa mahakama na wakuu wa watu. Makala haya yanakusudia kulipinga neno hilo. Wengine hulipinga kwa kuwa ni kali mno. Mimi nalipinga kwa kuwa ni dhaifu. Humwendea mtu ambaye mara nyingi hana jibu, na humpita yule mwenye jibu.

Haki ya mpenzi wa timu kukasirika siigusi. Mtu aliyetoa kiingilio, aliyenunua jezi, aliyesafiri kwa basi kutoka mlimani hadi uwanja wa Mkwakwani, hana deni la tabasamu kwa mtu yeyote. Mwanafunzi alipaye ada ana haki ya kuuliza kwa nini timu ya chuo chake imeshindwa mechi tano mfululizo. Hasira ni mali ya mashabiki, na pengine ndiyo mali pekee waliyo nayo. Ndiyo sababu yafaa tutazame wanaitumiaje, kwa maana mali inaweza kutumiwa ovyo hata na mwenyewe.

Tutazame mambo yaliyotokea mbele ya macho yetu. Tangu Novemba 2019 hadi Aprili 2024 makocha wakuu saba wa kigeni waliondoka Simba: Aussems, Vandenbroeck, Gomes, Pablo Franco, Maki, Robertinho na Benchikha. Wengine walifukuzwa, wengine walijiondokea. Aussems alitolewa miezi michache tu baada ya kuipa timu ubingwa wa nchi na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019. Robertinho hakudumu baada ya Yanga kuifunga Simba mabao 5 kwa 1, Novemba 2023. Wapenzi wa Yanga walicheka sana siku ile. Lakini mwaka mmoja baadaye Yanga nao walimfukuza Gamondi, aliyekuwa amewapa ubingwa, kwa sababu ya kufungwa mechi mbili za ligi zilizofuatana. Mkuki kwa nguruwe.

Huku kwetu Tanga mambo hayakuwa mbali na hayo. Coastal Union, bingwa wa Tanzania wa mwaka 1988, ilimaliza ya nne katika ligi ya 2023/24 chini ya Mkenya David Ouma, ikarudi katika mashindano ya Afrika baada ya miongo mitatu na zaidi. Msimu uliofuata ulipoanza tu, timu ikatolewa na Bravos do Maquis ya Angola, na klabu ikaachana na kocha. Na iko habari nyingine ambayo mtu wa Tanga haifai aisahau. Septemba 2022 Simba walimchukua Juma Mgunda kutoka Coastal Union aishike timu iliyokuwa haina mwalimu. Aliiongoza hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ilipofika Januari 2023 akawekwa chini ya mgeni. Aprili 2024, jahazi lilipokwenda tena mrama, akaitwa tena alishike usukani, na msimu ulipokwisha akatafutwa mgeni mwingine. Kama kipimo kingekuwa ushindi peke yake, mtu huyu angalipimwa kwa mizani nyingine. Basi twauliza: mizani ile hushikwa na nani? Katika muda wote huo, wakati makocha walipokuwa wakiingia na kutoka kama wageni wa harusi, ni nani aliyekuwa akiwachagua, na ni lini alisimama mbele ya wanachama akasema, "Uchaguzi ule ulikuwa wangu, nami najibu"?

Watu wa Usambara wana hazina ya fikira juu ya jambo hili, nayo ni kongwe kuliko mpira wa miguu na wa kikapu pamoja. Wazee wa Kishambaa walisema kwamba mtawala aweza kufanya mambo mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, au kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme wa Vugha alikuwa mwenye mvua. Mvua iliponyesha na mahindi yakazaa, aliiponya nchi. Jua lilipounguza migomba, watu walimtazama yeye. Msomaji wa haraka atasema kwamba hiyo ndiyo asili ya "kocha aondoke": taabu ikija, atafutwe mtu mmoja wa kubebeshwa. La hasha. Hoja ya wazee ilikuwa na sehemu ya pili, nayo ndiyo tuliyoipoteza. Mfalme aliulizwa habari za mvua kwa sababu nchi yote ilihesabiwa kuwa yake. Alipokea kodi, aliwaweka machifu, aliamua kesi. Aliyepewa lawama zote alikuwa amepewa kwanza nguvu zote.

Kocha hana nchi. Katika vilabu vyetu vingi mchezaji husajiliwa na kamati, mshahara hulipwa au hucheleweshwa na ofisi, na kambi hupangwa na wafadhili. Kocha mgeni ashukapo uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hukuta wachezaji wameshapangwa kama vyombo kabatini, naye huambiwa apike. Chakula kikiungua, hatuulizi ni nani aliyenunua nyama.

Na kocha wa kikapu wa chuo ni maskini zaidi. Mara nyingi ni mhadhiri au mwanafunzi mkubwa aliyeongezewa kazi hiyo juu ya kazi yake. Wachezaji wake humpotea kila mwaka, kwa maana anayehitimu huondoka na yote aliyofundishwa. Katika milima hii ambako nyumba na mashamba yametundikwa miteremkoni, kipande cha ardhi iliyo sawa ni neema. Ukikipata na ukakimwagia saruji, bado masika na ukungu huifanya saruji ile iteleze kama kambare. Huyu ndiye tunayemwambia, baada ya kushindwa na chuo chenye uwanja wa ndani na mipira ya kutosha, kwamba hajui kazi. Pengine kweli haijui. Lakini hatuna njia ya kujua, kwa sababu hajapewa bado kazi yenyewe aifanye.

Wazee walikuwa na fundisho jingine. Walisema kwamba nchi huharibika pale nguvu mbili zinaposhindana, kila moja ikivuta mvua upande wake. Walilijua hilo kwa machungu. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufa, katika miaka ya 1860, jamaa zake waligombania ufalme; Semboja akajiimarisha Mazinde, kwenye njia ya misafara, na vita vikaleta njaa na biashara ya watumwa. Waswahili wa pwani wana neno lao kwa jambo hilohilo: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Timu yenye kocha mmoja, kamati tatu, tajiri mmoja na msemaji mwenye sauti kuliko wote, ina manahodha wangapi? Kukikumba chombo hicho dhoruba, sisi humtupa baharini mtu mmoja, tena yule aliyepanda mwisho.

Katika lawama zetu liko neno jingine, nalo ni "nuksi". Twasikia: kocha huyu ana nuksi, tangu aje hatujaona ushindi. Hapo hoja ya mchezo imekwisha, na imeingia hoja ya mganga. Watu wa Usambara ndio wangepaswa kuwa wa mwisho kulitamka neno hilo. Katika Habari za Wakilindi, kitabu alichotuachia Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwao alihesabiwa kuwa chanzo cha misiba hata akahama na mbwa wake wa kuwindia. Alikuja milimani, akawaua nguruwe waliokula mashamba, akagawa nyama, akaamua magomvi, na watu wakamweka kuwa mfalme wao. Nuksi ya kwao ilikuwa baraka ya Vugha. Mtu alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa na watu waliompa.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya nchi maskini, na kwamba penye mali na maarifa kocha hupimwa kwa haki. Basi na twende huko Marekani, ulikozaliwa mpira wa kikapu, na tena ulizaliwa chuoni. James Naismith aliubuni mwaka 1891 katika chuo cha Springfield, Massachusetts. Baadaye alikuwa kocha wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kansas, ambako alishinda mechi 55 na kushindwa 60. Hadi leo ndiye kocha pekee wa timu ya wanaume ya chuo hicho aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Yule aliyeutunga mchezo wenyewe hakuweza kuuamuru umtii. Sembuse mhadhiri wetu wa Lushoto.

Wasomaji wa michezo watamkumbuka pia Mike Krzyzewski, aliyeingia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1980. Katika misimu yake mitatu ya kwanza alishinda mechi 38 na kushindwa 47. Wahitimu wenye fedha walitaka aondoke, nao hawakuwa wajinga; hesabu ilikuwa upande wao. Mkuu wa michezo wa chuo, Tom Butters, alikataa, na mwaka 1984 akamwongezea mkataba. Krzyzewski alistaafu mwaka 2022 akiwa na ubingwa wa taifa mara tano.

Najua jibu la mpinzani wangu. Atasema: kwa kila mmoja aliyevumiliwa akafaulu, wako wengi waliovumiliwa bure. Ni kweli, na mimi sihubiri uvumilivu. Wako makocha wavivu, wako wasiojua, na hao waondolewe bila machozi. Jambo la kujifunza kwa Butters ni kwamba alilitia jina lake katika uamuzi. Alimchagua mtu, watu wakamzomea, naye hakumsukuma mbele ili ampokee mawe. Kama Krzyzewski angeendelea kushindwa, watu wangejua mlango wa kubisha. Sisi hatuna mlango. Kocha akifukuzwa, taarifa hutoka imeandikwa "klabu imeamua" au "uongozi umeona", kana kwamba klabu ina mdomo na uongozi una jicho moja lisilo la mtu yeyote.

Na hapa ndipo neno letu la "kocha aondoke" linapofanya kazi tusiyoikusudia. Tukidhani twawatisha viongozi, kumbe twawahudumia. Kiongozi aliyesajili vibaya, aliyechelewesha mishahara, aliyekula fedha za jezi, hana rafiki mwema kuliko umati unaodai kichwa cha kocha. Atawapa kichwa hicho jioni hiyohiyo, nao watarudi nyumbani wamepoa. Kesho ataajiri mwingine, kwa njia ileile, na atakuwa amenunua msimu mmoja zaidi wa kukaa kitini. Kwa bei gani? Kwa hasira yetu, ambayo tumempa bure.

Watu wa milima hii walikwisha kuonyesha kwamba yako matumizi bora ya hasira. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta katika mashamba yao, baada ya Vita Kuu ya Pili, alama ya amri ile shambani ilikuwa bwana shamba. Ingalikuwa rahisi kumzomea yeye na kungoja aletwe mwingine. Lakini malalamiko hayakuishia kwake. Yalifika kwa wenye amri, na mwaka 1957 mpango ule ukaachwa. Wakulima wale walijua tofauti kati ya mkono na kichwa.

Basi wapenzi wa timu na wafanye hivyohivyo. Mwanachama wa klabu ana mkutano mkuu. Aende huko, na badala ya kuuliza kocha anaondoka lini, aulize ni nani aliyemchagua, kwa vigezo gani, na amechagua wangapi kabla yake. Aulize ni wachezaji wangapi waliosajiliwa bila kocha kuwataka. Mwanafunzi ana serikali ya wanafunzi na wizara yake ya michezo. Aulize fedha za michezo zilizotengwa mwaka huu zimefika uwanjani kiasi gani, na kama kocha amelipwa, amelipwa nini. Maswali hayo hayana mahadhi mazuri ya kuimba jukwaani. Lakini kila moja lina mtu wa kulijibu, na mtu huyo ana jina. Akiisha kujibu, tutajua kama kocha wetu hajui kazi au hajapewa kazi. Na ikiwa hajui, tutamwondoa pamoja na aliyemleta.