SINDANO MOJA HAITOSHI!

Ndugu wachimbaji na wakaaji wa mji,

Kuna maneno yanayotembea hapa Kasugho, tangu mashimoni mpaka sokoni, ya kwamba sindano ndiyo iliyokausha maziwa ya ng'ombe. Maneno hayo ni ya uwongo. Lakini mabwana wanaoyacheka nao wana deni kwetu, na leo twawadai.

Sisi watu sita wa likelemba moja tulinunua ng'ombe wa maziwa. Mimi karani niliandika yote daftarini: bei, majani, lita za kila siku. Akaja bwana wa mifugo na chupa mfukoni, akamchoma ng'ombe, akapokea pesa, akaenda zake. Mwezi wa nne tangu siku ile ng'ombe akatoka malengelenge mdomoni, mate yakamwagika, akachechemea. Lita zikawa sifuri. Ugonjwa wa miguu na midomo!

Sasa sikilizeni. Virusi vilivyomo katika chanjo hiyo vimeuawa kwanza, na maiti haiambukizi. Kazi yao ni kuionyesha damu sura ya adui, ili ifanye askari wake. Askari hao huanza kuonekana baada ya juma moja hivi, huzidi kwa majuma machache, kisha hupungua. Kwa hiyo ng'ombe asiyewahi kuchanjwa huchomwa mara ya pili baada ya majuma matatu au manne, halafu tena kila miezi minne mpaka sita. Je, sindano yetu ya pili ilikwenda wapi?

Tena adui huyu ana sura saba: O, A, C, Asia 1, SAT 1, SAT 2 na SAT 3. C haijaonekana popote tangu 2004, na Asia 1 si ya huku. Tano zilizobaki ndizo za Afrika, na askari waliofundishwa O hawamjui SAT 2. Anayechanja bila kupima ni aina gani iliyopo anarusha jiwe gizani. Chupa nayo hutaka ubaridi wa digrii 2 mpaka 8. Joto la mfuko huiharibu, na ikiganda pia huharibika. Nani kati yenu huloweka baruti majini, halafu akaulaumu mwamba?

Watajibu: mbona sotoka iliisha? Ndiyo, dunia ilitangaza hivyo mwaka 2011. Lakini chanjo ile, aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ilikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa, na sindano moja ilimlinda ng'ombe miaka mingi. Wasitupigie hesabu ya sotoka kwa ugonjwa mwingine!

Twataka chupa ije ndani ya sanduku la baridi. Twataka aina zilizomo zisomwe mbele yetu, na tarehe ya sindano ya pili iandikwe kabla pesa haijatoka mkononi. Ndama wadogo wasichomwe ovyo, maana kinga waliyonyonya kwa mama aliyechanjwa huizuia chanjo isishike. Daftari letu liko wazi kwa bwana yeyote atakayekuja kujibu.