Kadi mpya haina kosa

Mazimbu, katika kampasi ya Solomon Mahlangu, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufundisha informatiki. Kwa mwanafunzi wa fani hiyo, kompyuta ya mezani ya mtumba ni njia nafuu ya kumiliki mashine. Ikianza kuelemewa, wengi hukimbilia kubadilisha kadi ya grafiki. Fedha zinatoka, kadi inafungwa, na video inakwama vilevile. Lawama zote zinaiangukia kadi, ilhali tatizo mara nyingi liko kwingine.

Chukua Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Pawa saplai yake ya kiwandani haifiki wati 300, na tundu la kadi hutoa wati 75 tu. GeForce GTX 1050 Ti kwa kawaida inatosheka na kiasi hicho. Kadi kubwa zaidi inadai waya wa umeme wa ziada, ambao pawa saplai hiyo kwa kawaida haina.

Upya wa kadi nao unaweza kuwa mtego. Radeon RX 6500 XT, iliyotoka mwaka 2022, hutumia njia nne tu za data kati ya kumi na sita za tundu. Katika mashine ya kizazi kipya haisumbuki sana. Katika ya zamani, kasi ya njia hizo hupungua kwa nusu au zaidi. Intel Arc A750 nayo inahitaji Resizable BAR, uwezo ambao kompyuta nyingi za ofisini za enzi ya OptiPlex hiyo hazina.

Kwa hiyo upimaji utangulie. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao mkuu. Draiva za kadi ya zamani zifutwe. Kisha Task Manager ifunguliwe wakati kazi inaendelea: kadi ikiwa inatumika nusu huku kiini kimoja cha prosesa kimejaa, kadi ya bei kubwa zaidi haitasaidia.

Wauzaji nao wana wajibu. Kabla ya kupokea fedha, waulize modeli ya mashine na wati za pawa saplai, na ikiwezekana kadi ijaribiwe kwenye kompyuta ya mteja palepale dukani. Kwa mashine nyingi za zamani kama hiyo OptiPlex, kipande cha pili cha RAM na diski ya SSD vitaleta nafuu kubwa kuliko kadi yoyote.