Kipato Kikibadilika, Daftari Nalo Libadilike



Kila Ramadhani inapokaribia, sisi wa kamati ya msikiti hapa Kambarage, Shinyanga, hufungua daftari la kaya zinazostahiki zaka. Majina ni yale yale ya mwaka uliopita, lakini hali zao si zile zile. Huku kwetu mtu hulala hana kitu, duara likatema Mwakitolyo au Nyarugusu, akaamka ana uwezo. Mwingine aliyekuwa akitoa zaka, duara lake limejaa maji, madeni yanamwandama, na haya inamzuia kubisha hodi.

Mwaka mmoja tulimpelekea mama mjane fungu lake. Akatukaribisha, kisha akasema: “Wanangu, hili mpelekeeni jirani. Mwanangu amepata machimboni, sasa ananitunza.” Jirani huyo hakuwamo daftarini, tulikuwa tukimhesabu miongoni mwa watoaji. Tulipofika kwake, jua lilikuwa limetua na jiko halijawashwa. Tuliona haya. Mama alilijua lile ambalo sisi wenye daftari hatukulijua.

Surat At-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane ya wanaostahiki zaka. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i wamefafanua kuwa fakiri hafikii hata nusu ya mahitaji yake, na maskini huvuka nusu bila kutoshelezeka. Kipimo, basi, ni hali ya leo. Mzazi anayetunzwa na mwanawe mwenye uwezo hana fungu la mafakiri, kwa kuwa matunzo hayo ni wajibu wa mwana. Na mwana huyo akumbuke kuwa dhahabu itokayo ardhini, kwa madhehebu hayo, haingoji mwaka: ikifikia gramu 85, hutolewa asilimia 2.5 baada ya kusafishwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa ruzuku ya TASAF. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza mwaka 2012, huzitambua kaya kupitia mikutano ya wananchi, na sehemu ya malipo hufuata mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Kaya ikiimarika, inatarajiwa kuhitimu na kutoka. Kuswaga ng'ombe kwa shemeji siku ya tathmini ni kula haki ya mwenye njaa. Lakini kuku watano na genge la nyanya si utajiri; asiogope mtu kusema kweli.

Tunawaomba mambo mawili. Uliyejaaliwa, tuarifu ili fungu limfikie mwingine. Hakuna aibu, hiyo ni shukrani. Uliyeyumba, mwambie imamu au mtu wa kamati unayemwamini. Katika Hadithi ya Qabisa iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (SAW) alimruhusu aliyepatwa na janga kuomba mpaka apate cha kumtosha. Siri yako ni amana kwetu.

Wabillahi tawfiq.